Ndege Walioanikwa Juani

Mkurugenzi Népomuscène alilipenda jumba lake la makumbusho kwa sababu moja: lilikuwa na kiti cha mkurugenzi, na kiti hicho kilikuwa chake. Ndege waliohifadhiwa humo, ngozi zilizojazwa pamba na kulazwa chali kwenye droo, hakuwa amewajali hata siku moja. Lakini sasa dari ilikuwa imevuja, droo zikaota ukungu, na Jumatatu angekuja Madame Daphrose, mkaguzi kutoka wizarani, kuwaona ndege hao kwa macho yake. Akiwakuta wananuka, kiti kwaheri.

Népomuscène aliogopa, tena aliogopa sana. Ila hakuwa mtu wa kukosa jibu. Mama yake alimlea kwa biashara ya ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, na maisha yake yote hakuwahi kuona unyevu uliolishinda jua.

"Benite, toa ndege yote inje, uanike," alimwamuru mtunza droo.

"Ndiyo, patron. Wazo muzuri sana," alisema Benite, ambaye hajawahi kusikia wazo baya kutoka kwa bosi yeyote, na amewapitia wengi.

Basi Jumamosi asubuhi mikeka ikatandikwa uani, ndege wakalazwa jua liwapige tumboni. Mama wa ndagala haachi mkeka wake bila mtu mwenye fimbo; hilo Népomuscène alilijua tangu utotoni. Lakini Jumamosi asubuhi ni ya kazi za pamoja, mji mzima unafagia na kulima, na mpiga picha wa wizara alikuwa mtaa wa Mutanga Sud. Mkurugenzi akachukua jembe jipya na wafanyakazi wote, akaenda kupigwa picha.

"Nani ataiba mayiti?" alisema.

Waliporudi, mikeka ilikuwa mitupu. Kunguru walijipanga ukutani, pamba midomoni, na mwewe mmoja alikuwa akipaa na kasuku wa serikali kwenye kucha. Népomuscène aliketi chini akalia bila aibu.

Jumatatu Madame Daphrose alifungua droo ya kwanza, kisha ya pili.

"Ndege wako wapi?"

"Wako mu mission, Madame," alijibu Népomuscène.

Jibu hilo, kwamba mtu yuko safari ya kikazi, lilikuwa limemwokoa mwenyewe kila alipotafutwa ofisini akakosekana. Madame Daphrose hata hakushtuka. Alikuwa mtumishi wa siku nyingi, na ofisi tupu alizikuta nyingi kuliko zenye watu.

"Yote?"

"Yote, Madame."

"Na ordre de mission, ile karatasi ya kuruhusu safari, alisaini nani?"

"Mi mwenyewe," alijibu kwa fahari kidogo, maana alijiona ameshavuka.

Mkaguzi alichungulia dirishani. Uani kunguru mmoja alikuwa bado anachambua pamba. Akaifunga droo taratibu.

"Muzuri," alisema. "Lakini haifai watu wako watangulie, wewe chef wao ubakie kwenye kiti. Achia Benite funguo, uwafuate."