Jina la Pilika

Fundi cherehani alikuwa anageuza kola ya shati la mteja, ule upande uliochakaa uingie ndani, marehemu binti yake alipoingia na kuketi juu ya kasha la vifungo. Jioni ilikuwa imeanza na taa zilikuwa bado. Mama alisogeza mkasi mtoto asije akajikata, ingawa hilo halikuwezekana tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nilikuwa nimeitwa kwingine."

Pilika lilikuwa jina lake la utani. Bibi yake alimpa kwa sababu hakutulia hata usingizini. Mtoto alifia kwenye ukumbi wa mazoezi wa mjomba wake, mpiga gita, mkononi ameshika waya wa amplifaya uliochubuka. Mjomba aliuambia ukoo kwamba mtoto aliuchokonoa kwa utundu wake. Alilia kuliko wote, hata ikabidi ashikwe kwapani, kisha akauita muziki wake mpya Pilika, iwe kumbukumbu. Watu wakasema wajomba wa namna hiyo siku hizi hawapatikani.

Wafu huja wakiitwa. Mtaa mzima ulilijua hilo, na ndiyo maana muuza mkaa alikuwa anauma ulimi asimtaje marehemu mke wake mbele ya mke mpya. Ila hakuna aliyewahi kufikiri itakuwaje jina la marehemu likibandikwa kwenye mabango.

Mwanzoni Pilika aliitwa ukumbini tu, akarudi nyumbani chai haijapoa. Redio zikalichukua jina, likavuka mpaka. Nchi jirani, ambako hawana P, wakamwita Bilika, na aliporudi kutoka huko P zote zilikuwa zimemtoka kinywani. Wengine walimbadilishia L ikawa R. Kwenye nchi za baridi walimwongezea S mkiani, akaja nayo, ikawa inamtoka kwenye kila neno kama mluzi. Kila alikoitwa aliacha maneno machache ya nyumbani na kubeba ya kwao. Visigino vyake vililika kama sabuni.

Kabla hayo hayajazidi, alikuwa amemwambia mama yake jambo, huku akichezea bobini.

"Mjomba ndiye aliyeniambia niushike. Alisema, 'Hebu shika hapo tuone kama umeme upo.'"

Mama alimaliza kushona mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akaenda kwa kaka yake.

"Kaka, muziki wako utafutie jina lingine. Mwanangu anaisha."

"Dada yangu, jina haliko mikononi mwangu tena. Liko kwenye kamusi za watu."

"Basi Jumapili njoo kwangu. Atasema mwenyewe mbele ya mama nani alimshikisha waya."

Mpiga gita alimtazama kidogo. "Nitakuja," akasema. "Tena nitaleta soda."

Fundi alikuwa hataki kingine duniani: mtoto aseme kwa kinywa chake, bibi asikie. Kila jioni akawa anamfundisha. "Sema tena. Mjomba alisemaje?" Na kila jioni maneno yalipungua, mpaka likabaki "shika" peke yake, nalo limeshapata mluzi.

Jumapili walikuja bibi, mama mkubwa, na mpiga gita ndani ya suti mpya na kreti la soda. Mtoto aliingia amekonda, akasimama katikati ya chumba bila kungoja kuulizwa. Alisema yote. Alisema kwa kirefu, kwa bidii, macho yamemtoka, kwa lugha za mbali zilizoungana kama viraka. Akanyoosha mkono, akafumba kiganja, akatetemeka mwili mzima.

"Jamani, tazameni anavyocheza!" mama mkubwa akapiga makofi. "Huyu, muziki uko damuni!"

"Nani anaelewa anachosema?" bibi akauliza.

Wote walimgeukia mpiga gita, kwani ni yeye aliyekuwa amepiga gita kwenye miji yote ya lugha hizo. Alikuwa amesikiliza ameinamisha kichwa, neno kwa neno.

"Anawasalimu nyote," akasema. "Alipo hakosi kitu. Anashukuru jina lake halikufa."

"Mwongo!" fundi akasema. "Mama, huyu ni mwongo!"

"Koma," bibi akamwambia huku akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Humtukani kaka yako mbele ya marehemu." Akamgeukia mpiga gita. "Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Chupa zilifunguliwa. Fundi alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mabega. Mtoto hakujitoa. Alimtazama kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba, akauliza swali fupi.

"Na hilo?" fundi akauliza bila kugeuka. "Hilo ni nini?"

Mpiga gita aliweka soda chini.

"Anauliza wewe ni nani."

Hilo alilitafsiri sawasawa.