Nanga Ashuke

Kwa miaka kumi na tisa, katika ghala lile la saruji na vigae, foklifti ya njano, mashine ya kuinulia mizigo, haikuwahi kuendeshwa na mtu mwingine zaidi ya dereva aliyeitwa Usukani. Kiti kilikuwa kimeshachukua umbo la makalio yake. Dereva mmoja wa akiba aliyethubutu kukikalia alisema alijihisi kama ameingia chumbani kwa watu bila kubisha hodi.

Basi siku ilipobandikwa ile karatasi mlangoni, wafanyakazi waliisoma kisha wakageuka kumtazama Usukani kama watu wanaotoa pole. Ilisema kuwa kuanzia mwisho wa mwezi, asiye na cheti cha mafunzo hatagusa ufunguo wa foklifti, na atakayefeli mtihani mara mbili atahamishiwa kitengo cha usafi.

"Kitengo cha usafi ndiyo nini?" Usukani aliuliza.

"Fagio," akajibu Nanga.

Nanga alikuwa mpakiaji, na inabidi aelezwe kwa kirefu, maana hata kumzunguka kulichukua muda. Alikuwa na kilo mia moja na thelathini, na jina lake alilipatia kazini. Mzigo ulipoizidia foklifti, magurudumu ya nyuma yakaanza kuinuka, Usukani alipiga miluzi miwili. Nanga akaacha alichokuwa akifanya, hata kama ni kutafuna, akaja kukaa nyuma ya mashine, na magurudumu yakarudi sakafuni kwa adabu. Ndivyo walivyofanya kazi tangu zamani. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mashine ikipinduka. Nanga mwenyewe aliamini kwamba kitu kilichokaliwa na yeye hakipinduki.

Mwalimu wa mafunzo alifika Jumatatu, na kofia nyeupe ngumu na ubao wa kuandikia. Usukani alipomwona akachangamka, kwa sababu alikuwa binti wa dada yake wa tumbo moja.

"Mpwa wangu, karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Lakini hapa mimi ni mwalimu na wewe ni mwanafunzi namba saba. Funga kamba za viatu, namba saba."

"Nimekubeba mgongoni wewe."

"Bila mkanda, mjomba. Tulikuwa na bahati tu."

Kwa siku tano Usukani alifundishwa kazi aliyoijua. Aliambiwa kila asubuhi akague matairi, breki, minyororo na mafuta, wakati yeye alizoea kuipiga mashine teke moja na kuiuliza imeamkaje. Aliambiwa atembee na uma za mbele za kubebea mzigo zikiwa chini, na mzigo ukimziba macho aendeshe kinyumenyume. Aligundua kwamba honi ni ya kuonya watu kwenye kona, si ya kumwita muuza chai. Kila jambo alilipokea kwa uso wa mtu anayefundishwa kupumua.

Siku ya mtihani, chaga mbili za kwanza, zile fremu za mbao zinazopangwa mizigo, alizibeba bila kasoro. Ya tatu ilikuwa na saruji nyingi. Alipoinua, nyuma ya mashine ikawa nyepesi, akaihisi kiunoni kama alivyoihisi mara elfu moja. Hapo midomo ikajikunja yenyewe, ikatoa miluzi miwili.

Nanga alikuwa kwenye benchi, nje ya mstari wa njano wa usalama, akinywa chai. Kikombe kilibaki kwenye benchi. Yeye alikuwa tayari amekaa nyuma ya foklifti, bado anameza.

Mwalimu akainua mkono kusimamisha kazi, kisha akaandika kwa muda mrefu.

"Unaandika nini hapo?" Usukani akauliza.

"Abiria."

"Abiria gani? Huyo ni Nanga."

"Nanga ashuke," mwalimu akasema. "Na wewe umefeli."

Jumapili hiyo Usukani alikwenda kwa dada yake, akaketi mezani na uso wa mtu aliyekwisha kukabidhiwa fagio.

"Mwanangu, huyu ni mjomba wako," dada mtu akaanza.

"Najua, mama. Na Nanga ana watoto wanne." Binti akaweka kijiko chini. "Mjomba, ule mzigo ukichomoka mbele, nyuma inashuka kwa kishindo. Wewe una kiti na mkanda. Yeye atashika nini?"

Usukani alitafuna kwa muda mrefu kuliko chakula chenyewe kilivyohitaji. Miaka yote alihesabu magurudumu. Nanga hakuwahi kumhesabu, ila kama chuma.

Marudio yalikuwa Alhamisi. Ghala zima likawa na kazi za dharura karibu na mstari wa njano. Chaga ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Mbele ya ile ya tatu Usukani akasimamisha mashine. Pembeni ya usukani palikuwa na kibao kidogo cha chuma ambacho kwa miaka kumi na tisa alikitumia kutundikia kitambaa cha jasho. Akakitoa kitambaa, akafuta grisi, akasoma: mwisho kilo elfu mbili. Kisha akahesabu mifuko kwa kidole. Hamsini, na kila mmoja kilo hamsini.

Midomo ikaanza kujikunja. Kwenye benchi, Nanga alikuwa ameshanyanyuka nusu, akisubiri.

"Nanga," Usukani akasema. "Kaa. Maliza chai yako."

Kisha akamgeukia mwalimu. "Huu siubebi. Umezidi kilo mia tano. Ishushwe mifuko kumi kwanza."

Wapakiaji wakaishusha. Usukani akainua, na magurudumu ya nyuma yakabaki chini bila kukaliwa na mtu. Akapiga honi kwenye kona, akaweka mzigo, akashusha uma hadi sakafuni, akavuta breki, akachomoa ufunguo na kumkabidhi mwalimu. Mwalimu akaandika.

"Unaandika nini?"

"Jina lako, liende kwenye cheti."

Watu wakapiga makofi. Nanga hakupiga. Alikuja taratibu hadi kwenye mstari, kikombe mkononi.

"Mwalimu, nafasi ya namba nane ipo? Miaka kumi na tisa napanda mashine hii upande usio na usukani."

"Darasa linaanza Jumatatu. Lakini leo kaa uone, ufunguo ninao mimi."

Usukani akashuka, akampisha kwenye kiti chake. Nanga akaketi kwa uangalifu wa mgeni, akavuta mkanda hadi mwisho kabisa, ukalia tiki. Akashika usukani kwa mikono miwili na kutabasamu. Usukani, kwa kutojua asimame wapi, akajikuta ameegemea nyuma ya mashine, pale pale alipozoea kukaa Nanga.

"Mjomba," mwalimu akaita kwa upole. "Nyuma ya mstari."

Akaenda nyuma ya mstari.