Mbao za Darini

Gladwell alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimkaribisha chai atataka kujua majani yametoka shamba la nani, na ukimjibu atauliza kwa nini si la yule mwingine. Mumewe Wabwile, afisa wa kilimo aliyefanya kazi Bungoma na kurudi nyumbani Tuwan, mtaa wa Kitale, kila Ijumaa, alishazoea kumjibu huku akivua viatu. Cha ajabu ni kwamba mwanamke huyu aliyeuliza kila kitu alisahau kuuliza swali moja tu, na hilo moja ndilo lililomponza.

Lilihusu baba mkwe wake. Mzee Wakoli alikuja Kitale kutoka Bokoli mara tatu au nne kwa mwaka. Alikaa sebuleni, akanywa uji, akawasikiliza wajukuu wakisoma, na jua likianza kuteremka akaitafuta kofia yake. Gladwell akimsihi alale, jibu lilikuwa lile lile kwa miaka minane: mtabanana bure, hapa nafasi ni kidogo. Naye Gladwell aliamini. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, kimoja chao na kimoja cha watoto watatu, sasa angebishaje?

Kisha yakaja mambo ya macho. Januari ya mwaka 2005 mzee alitolewa mtoto wa jicho upande wa kushoto. Alitakiwa kurudi hospitalini Kitale kila asubuhi kwa siku kumi, asafishwe na kutiwa dawa. Akakataa kulala mjini, akawa anakwenda na kurudi Bokoli katika vumbi la kiangazi, hadi jicho likaingiwa na uchafu na kufa kabisa. Lilibaki la kulia, nalo lilikuwa limeanza kufanya ukungu. Daktari alimpangia Januari iliyofuata. Gladwell aliapa kwamba jicho hili la mwisho halitapotea kwa sababu ya kitanda.

Hapo ndipo alipoanza kutazama juu. Nyumba yao ilikuwa na paa refu lililochongoka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejua kilichokuwa chini ya mabati yale. Kwao Saboti mama yake alihifadhi mahindi darini, na Gladwell akiwa mtoto alipanda huko kila mara kuchungulia, akichapwa leo na kupanda tena kesho. Basi siku moja watoto wakiwa shuleni aliazima ngazi kwa jirani, akasukuma kipande cha dari, akaingiza kichwa na tochi, kisha akapanda mzima. Alikuta kiota cha nyigu kilichokauka, kiatu kimoja cha mtoto ambaye hakumjua, na nafasi. Nafasi tele! Katikati aliweza kusimama wima na bado akainua mkono. Akapima sakafu kwa leso yake: leso tatu kwa urefu, mbili kwa upana. Alishuka na utando wa buibui kichwani, anacheka peke yake.

Wabwile aliambiwa ni chumba cha watoto. Gladwell alimjua mumewe, siri haikai naye hata mpaka Webuye, na yeye alitaka mzee akute chumba kimekwisha, asiwe na pa kukimbilia.

Fundi alikuwa Wekoye, mtu wa Bungoma, kabila moja na Wabwile, aliyehamia Kitale na msumeno wake. Gladwell alimganda kama kupe. Kwa nini boriti hii imekaa hivi, kwa nini dirisha liwe upande wa mlima, mabati yakipata joto mchana mtu atapumuaje. Wekoye alijibu yote kwa subira: angetandika bodi chini ya mabati kuzuia joto, na dirisha dogo kila upande ili hewa ipite. Mbao za saipresi zikaja kutoka Saboti, zikapigwa randa mpaka zikateleza. Gladwell alizipaka rangi ya manjano yeye mwenyewe, upande mmoja, ule wa kutazamwa. Lakini fundi naye alikuwa na swali lake, na alilileta siku ya kuweka ngazi.

"Mama, huku juu atalala nani?"

"Mgeni."

"Mgeni wako ama wa mzee wa nyumba?"

"Wekoye, mgeni si ni mgeni tu bana."

Fundi alimtazama kidogo, akakuna shingo, akarudi kwenye misumari yake. Huyu mama aliyeuliza mpaka jina la mti, mara hii hakuuliza kwa nini anaulizwa.

Jumapili moja ya Januari Wabwile, akiwa amechukua likizo, alipitia Bokoli akamleta baba yake. Mzee alitakiwa kulazwa jioni ile, apasuliwe Jumatatu na kutoka Jumatano. Alimsalimia mkaza mwana wake kwa mbali bila kumpa mkono, kama ilivyokuwa desturi yao. Gladwell hakuweza kungoja. Alimwambia kwamba safari hii kuna chumba chake, na akamwonyesha ngazi.

Mzee Wakoli hakuwahi kuingia nyumba ya ghorofa maishani mwake. Aliipapasa ile ngazi kwa viganja vyote viwili, akauliza ni mti gani, misumari ni ya inchi ngapi, na huko juu mtu akikohoa chini wanasikia? Gladwell alifurahi mpaka akasahau chai jikoni, kwa maana hapa kulikuwa na mwenzake wa kuuliza. Mzee akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama.

"Chini ya hicho chumba kuna nini?"

"Ni hapo tunalala sisi, Baba," alisema Gladwell.

Mzee alishuka kinyumenyume, polepole, akitafuta sakafu kwa mguu. Akaketi, akaivua kofia na kuivaa tena. Watoto, Nakhungu na wadogo zake, waliambiwa watoke nje.

"Mama Nakhungu, hii nyumba yako ni mzuri sana. Lakini mimi baba mkwe siwezi kulala nyumba moja na wewe. Na sasa unataka nikanyage juu ya kichwa yako? Hapana. Nitakuwa nikienda Bokoli na kurudi."

"Miaka minane unaniambia hapa nafasi ni kidogo."

"Ningesema nini? Niseme nyumba ya mtoto wangu inanifukuza?"

Gladwell alihisi uso ukimwaka moto. Alijua habari ya kutopeana mikono, alijua mzee hapiti karibu na mlango wa chumba chao, lakini kwamba mwiko ulifika mpaka kwenye mabati, hilo hakulijua. Mzee alipokwisha kufikishwa hospitalini, Gladwell alimgeukia mumewe kwa hasira ya miezi mitatu ya kazi. Wabwile alijitetea kwamba ati yeye aliambiwa ni chumba cha watoto. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi Gladwell zaidi. Alilia kidogo jikoni, akapangusa uso kwa aproni, halafu akaanza kufanya alichopaswa kufanya mwanzo. Aliuliza.

Je, ni nyumba nzima au ni chumba? Ni nyumba. Na jiko lililo nje, limo kwenye mwiko? Hapana, hilo ni jengo jingine. Kwa hiyo jengo jingine ndani ya boma hili hili, lenye paa lake na mlango wake, mzee angelala? Wabwile alifikiri, akasema angelala bila neno, huko kwao kila kijana aliyetahiriwa hujengewa kijumba chake wanachokiita simba. Akatabasamu, akasema basi mzee atarudi ujanani.

Jumatatu alfajiri Wekoye aliitwa. Alisikiliza, wala hakusema nilijua. Alisema kijumba cha kitanda kimoja kinaweza kusimama kwa siku mbili, nguzo atapata na mabati ya banda la kuku yatatosha, ila mbao hakuna. Zikiagizwa Saboti leo zitafika wiki ijayo. Baada ya kusema hivyo macho yake yakakwepa kutazama juu.

Gladwell alitazama. Alipanda ngazi peke yake, akakaa katikati ya chumba chake cha manjano, jua la asubuhi likiingia kwa dirisha la upande wa mlima. Hakuna mtu aliyekuwa amelala humo hata siku moja. Akakaa muda wa kutosha kusikia uchungu wake wote, akashuka, akamwomba fundi nyundo, na ubao wa kwanza akaung'oa kwa mkono wake.

Jumatano mzee alitoka hospitalini na bandeji usoni. Wabwile alimshika mkono akamzungusha nyuma ya nyumba mpaka mlangoni. Mzee alipapasa kuta, akauliza paa ni la nani, akaambiwa ni lake, akalala. Kwa siku kumi alipelekwa kila asubuhi kutiwa dawa, mwendo mfupi kwa baiskeli, bila vumbi la safari. Gladwell alimwekea chakula kwenye kigoda nje ya mlango, akabisha hodi na kuondoka.

Siku ya kumi bandeji ilitolewa. Wabwile alipiga simu kutoka hospitalini akisema mzee amesoma herufi za ukutani. Kesho yake mzee angerudi Bokoli.

Jioni ile Gladwell alipopeleka chai, alikuta mlango uko wazi. Mzee alikuwa amesimama akizikazia jicho kuta, ambazo zilikuwa za manjano zote kwa ndani, zenye matundu ya misumari ya zamani katikati ya ubao, mahali ambapo hakuna fundi angepiga msumari wa ukuta. Hakugeuka.

"Mama Nakhungu. Hizi mbao zilikuwa wapi?"

Gladwell aliweka kikombe kwenye kigoda. "Zilikuwa juu, Baba."

Mzee alipitisha kidole kwenye tundu moja, kisha kwenye jingine.

"Mwambie Wabwile asikodi gari kesho," alisema. "Nataka kukaa niziangalie kwanza."