Mafungu Sawa

Saa moja tu kwa siku ndiyo waliyopewa kwenda shambani. Zilizobaki zilikuwa za kuchimba handaki kuzunguka kijiji walimofungiwa na wakoloni. Wanawake kumi na wawili walirudi na karai moja ya viazi vitamu, askari akiwahimiza kwa kitako cha bunduki.

Ciakuthii alivigawa mafungu kumi na mawili, kisha akawapa wenzake mgongo. Cicily, jirani yake mjane, akagusa fungu.

"Hili la nani?"

"La Virginia," Ciakuthii akajibu bila kutazama.

Hivyo ndivyo mama zao walivyogawana nyama, ili mgawaji asipendelee. Ciakuthii ndiye aliyeirudisha desturi hiyo ndani ya seng'enge, na tangu hapo hawakuzika mtoto kwa njaa. Lakini Virginia alikuwa mke wa hedimani, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na wazungu.

Jioni hedimani Nthiga alimsimamisha Ciakuthii mlangoni. "Mke wangu ni sawa na mke wa mpiganaji wa msituni?"

"Kila mmoja ana tumbo moja, mzee."

"Na hicho kiazi mnachomegeana kabla ya kula? Hicho si kiapo cha watu wa msituni?"

"Ni kiazi tu. Tunamega ili asiwepo wa kula peke yake."

"Waeleze hivyo wazungu." Nthiga akatabasamu. "Kesho gawa ukitazama. Ukilijua fungu langu, mimi nitakisahau hicho kiazi."

Kulisha watu kiapo, adhabu yake ilikuwa kitanzi. Ciakuthii hakulala. Lakini kesho yake, alipomaliza kugawa, aligeuka akawapa mgongo.

Siku ya tatu askari waliwapanga mstari langoni. Ili kumtambua mlisha kiapo, akaletwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Alipita polepole, akasimama mbele ya Ciakuthii, akatikisa kichwa kukubali.

Ciakuthii alitazama chini. Kisigino kile alikijua. Wiki iliyopita alikitoa funza kwa mwiba, mwenye kisigino akilia.

"Cicily," akasema. "Hata wewe?"

Gunia likageukia upande wa pili.

Askari walimpandisha Ciakuthii lori mikono imefungwa. Kabla halijaondoka, askari alileta karai kutoka shambani. Virginia aligawa, akitazama. Mafungu sasa yalikuwa kumi na moja, mawili makubwa, mengine ya kiganja. Cicily alizoa moja la yale makubwa, akalitia ndani ya lile gunia alilolivua kichwani na kulibeba haraka kwenda kwa watoto wake.

Viazi viwili vidogo vilipenya kwenye matundu ya macho, vikabingirika mavumbini. Wanawake waliviona. Hakuna aliyeinama.