Bunduki ya Bega la Kushoto

Mpimaji ardhi aliingia duka la bunduki akiwa ameshaamua: ile yake ya zamani imepinda mtutu, basi. Msimu uliopita alikosa swala watatu, mmoja wao amesimama tuli kama anasubiri kupigwa picha. Mtu aliyepima mashamba ya watu miaka thelathini hakosi swala aliyesimama. Kosa lilikuwa la chuma.

Nyuma yake aliingia shemeji yake, kaka wa mkewe, amebeba bunduki hiyo mshtakiwa ndani ya mfuko wa turubai. Waliwinda pamoja tangu mwaka wa harusi, na tangu mwaka huo shemeji hakuwahi kunyamaza.

"Leo tunataka yenye macho," alimwambia muuzaji. "Ya mwenzangu huyu ni kipofu."

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, amevaa koti la kazi la kijivu, vidole vikinuka mafuta ya mashine. Hakucheka. Alisoma kibali cha mpimaji mstari kwa mstari, akaitoa bunduki mfukoni, akahakikisha haina risasi, akachungulia ndani ya mtutu kuelekea dirishani. Akachungulia tena.

"Mzee, hii haina neno."

"Imepinda."

"Imenyooka kama uzi. Lakini mteja ni wewe."

Akamshushia nyingine. Mpimaji akaiweka kwenye bega la kulia, akailenga saa ya ukutani, akairudisha: nzito. Ya pili ilikuwa na kitako kirefu mno. Ya tatu ilikuwa na darubini, naye akadai kioo chake kina ukungu. Shemeji akaichukua, akachungulia, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

Mama hakuwa akitazama bunduki. Alitazama shingo. Kila mzee alipolenga, kichwa chake kilivuka kitako na kuinamia upande wa pili, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

"Mzee, nikuombe kitu. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, unisomee lile tangazo mlangoni."

"Shule nilimaliza zamani, mama."

"Nisomee tu."

Akaziba. Mlango aliuona, na mwanga pia. Tangazo lilikuwa doa jeupe, na katikati yake palikaa kitu cha kijivu kisichoondoka hata alipopepesa.

"Sasa ziba la kulia."

"Bunduki ikishauzwa hairudishwi," akasoma.

Alikumbuka chai aliyoimimina nje ya kikombe, na karani ambaye yeye alimkaripia kwa kuandika tarakimu ndogo kama chawa. Jicho la kulia ndilo alilochungulia nalo kwenye chombo cha kupimia, kutwa, miaka yote hiyo. Alikuwa amemlaumu kila mtu, akaliacha lenyewe.

"Leo sikuuzii kitu," mama alisema. "Nenda kwanza kwa daktari wa macho. Jicho likitibika, bunduki yako nzima. Lisipotibika, ninayo moja ya mkono wa kushoto."

"Nionyeshe."

Akaiweka kwenye bega la kushoto. Kiwiko hakikujua pa kukaa. Aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu. Ila saa ya ukutani aliiona mpaka mshale wa sekunde.

Walipotoka nje, alimuuliza shemeji, "Ulikuwa unajua?"

"Tangu swala wa pili. Niliogopa utakasirika."

"Ningekasirika."

Wakaenda hospitali kwa miguu, shemeji akitembea upande wa kulia.

Daktari alisema katikati ya jicho pamechakaa na hapatarudi kama zamani. La kushoto zima. Mpimaji aliuliza maswali mawili, akaandika majibu kwenye kijitabu chake, akashukuru.

Mwisho wa mwezi alirudi dukani peke yake. Safari hii hakulalamikia uzito wala kitako. Alitia saini ya kununua ile ya mkono wa kushoto, akauliza kama mama anamfahamu mtu wa kumfundisha kulenga upya.

"Mimi," mama alisema. "Jumamosi asubuhi. Na yule shemeji wako mwache nyumbani."