Mkataba wa Baba Mkwe

Meneja wa kampuni ya malori ninayofanyia kazi alinipa mikataba kumi na mmoja niwasomee madereva kabla ya kusaini. Wa saba ulikuwa wa mzee Hironimus, baba wa mume wangu. Tunaishi naye Mjimwema, nyumba moja. Asubuhi ile nilimpa uji, kisha saa nne akaja kukaa mbele ya meza yangu ofisini, kofia mapajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Soma, mwanangu. Wenzangu wanasubiri."

Nikasoma. Kuanzia tarehe moja yeye si mwajiriwa tena, ni mkandarasi huru. Hana likizo wala bima, na akiugua kampuni haihusiki. Alikuwa ameendesha malori ya kampuni hiyo miaka kumi na tisa.

"Huru maana yake nini hapo?"

"Kwamba unajitegemea, baba."

"Na gari?"

"Gari la kampuni."

Aliniangalia kidogo, akasaini. Nikagonga muhuri, nikamwita anayefuata.

Wiki ya tatu baada ya kusaini alipiga simu ofisini kutoka Njombe, akiwa njiani na mzigo wa makaa ya mawe. "Lukresia, malaria imenikamata. Wameniwekea dripu. Niombee kwa meneja siku mbili tu. Gari nimeliegesha salama."

Nilikwenda kumwambia meneja. Hakukasirika. Alisema mkandarasi haombi ruhusa. Safari imemshinda, basi mkataba umekwisha, aende Remmy, dereva mwingine. Nikaandika jina la Remmy kwenye fomu. Kisha nikampigia baba.

"Remmy anakuja kuchukua gari. Mpe ufunguo."

"Nitarudi naye?"

"Hapana, baba. Yeye anaendelea na safari. Mkataba wako umekwisha."

Nilisikia muuguzi akiita jina la mgonjwa mwingine.

"Haya," alisema.

Alirudi Alhamisi kwa basi, na begi la nguo na blanketi alilokuwa akijifunika kwenye lori. Mume wangu, Mathias, aliniuliza kama nilijaribu kumtetea baba yake. Nilimwambia sikujaribu. Akaenda kumchemshia mzee maji ya kuoga. Nilisubiri nione kama nitalia. Sikulia. Nikapepeta mchele.

Sasa mzee analima mahindi Mshangano. Asubuhi namwamkia, anaitika, anabeba jembe. Mbolea ya mwaka huu imechelewa. Tukiwa mezani, tunazungumzia hiyo.