Konstebo Agoma Kula

Tangu arubaini ya Afande Sulaimani, kila magharibi mlango wa chumba chake ulikwaruzwa. Krr, kimya, krr. Mjane wake, Hajati Nabilah, aliyekuwa ndani ya eda, hakuhitaji kuelezwa: ndiyo saa aliyozoea marehemu kuinuka kwenda kutia udhu. Binti yao Sitti alikwenda kutazama, akamkuta Konstebo kizingitini, akambeba na kumrudisha kwenye beseni lake uani.

Konstebo alikuwa kobe wa maji, gamba lake pana kama sahani ya wali. Afande alimwokota kwenye mtaro wa Naguru angali kazini polisi, akamlisha kwa mkono wake hadi alipostaafu, na baada ya hapo hadi alipokufa. Sasa kobe hakula. Maini aliyapa kisogo. Dagaa walielea mpaka maji yakanuka.

Na Hajati naye akaacha kula.

"Akila, nitakula," alisema. "Baba yako anamwita, naye anaitika. Sitamwacha mnyama wa watu aende peke yake."

"Mama, una kisukari. Huwezi kumeza dawa juu ya tumbo tupu."

"Nimesema."

Sitti alifanya kazi maabara, katika hospitali moja Nakasero, na hakuwa mtu wa kubishana na msiba. Alitafuta sababu. Kobe akipata baridi, tumbo lake halisagi chakula. Akatia kipimajoto kwenye beseni, maji yalikuwa na joto la kutosha. Kobe mwenye mafua hutoa mapovu puani. Pua ilikuwa kavu. Akambinya taya kwa upole, kinywa kilikuwa safi, bila utando mweupe. Kilichomsumbua ni kwamba mgonjwa hujificha akalala, na huyu alizunguka ua kutwa nzima kama askari wa zamu.

Kaka yake Nasif, fundi wa magari Kisenyi, alisimama akimtazama huku akifuta grisi mikononi.

"Daktari wa mikojo, si umpime mkojo?"

"Wako nilishaupima. Haukuwa na la maana."

Nasif akacheka, kisha akanyamaza, kwa sababu mama yao alikuwa dirishani na uso wake ulikuwa umekonda.

Jioni ile Sitti hakumrudisha kobe kwenye beseni. Alimfuata. Konstebo alikwaruza kizingiti cha marehemu, akakiacha, akavuka ua mpaka pembeni, nyuma ya tangi la maji. Hapo akaanza kuikwangua sakafu ya saruji kwa miguu ya nyuma. Ya nyuma, si ya mbele. Kucha zilikuwa zimeanza kutoa damu.

Sitti alimwinua, akaingiza kidole taratibu mbele ya paja, chini ya gamba. Vitu vya mviringo viliteleza chini ya kidole kama gololi ndani ya mfuko.

"Nasif! Konstebo ni jike. Ana mayai."

"Mume kampata wapi?"

"Kuku hutaga bila jogoo. Hapa palikuwa na nini kabla ya saruji?"

"Udongo tu. Tulimwaga saruji kwa ajili ya arubaini; wageni wangekaa kwenye tope? Si unakumbuka, Baba alikuwa akipalilia hapa kila mwaka na hapaoti hata mchicha? Tukamcheka."

"Lete nyundo. Yakikaa ndani, yatamuua."

Saruji ilikuwa nyembamba, ikapasuka. Chini yake udongo ulikuwa bado laini, na ndani ya udongo kulikuwa na maganda ya zamani, meupe, yaliyosinyaa kama karatasi, tabaka juu ya tabaka. Afande alijua. Alijua miaka yote, akaendelea kumwita Konstebo, wala hakumwambia mtu.

Kobe aliwekwa chini, akachimba bila kupumzika. Kesho yake shimo lilikuwa limefukiwa, na Konstebo akala ini mkononi mwa Sitti, akataka tena.

Magharibi walikaa barazani, Hajati na bintiye, sinia la gurusa na mchuzi kati yao. Hajati alikata kipande cha mkate ule mwembamba, akachovya, akatia kinywani. Sitti alihesabu hilo kuwa jibu.

"Umeona, Mama? Alitafuta pa kuchimba, basi. Alijaribu kila kona. Hakuna aliyemwita."

Hajati alitafuna. "Yuko wapi sasa?"

"Yule pale." Konstebo alikuwa karibu na tangi, juu ya udongo wake, shingo ndani ya gamba, ametulia tuli.

Krr, ikasikika ndani ya nyumba, kwenye mlango wa chumba cha Afande. Kimya. Krr.

Mbao hujikunja jua likizama, Sitti aliwaza. Panya pia wapo. Alizipanga sababu moja moja, na kila moja ilikuwa ya kweli. Alisubiri mojawapo imwinue akafungue mlango ule.

Hajati hakuinua hata kichwa. Alichovya tena, akala kwa hamu ya mtu aliyefunga muda mrefu.

"Kula, binti yangu," alisema. "Chakula kinapoa."

Kipande cha Sitti kilikuwa bado mkononi. Akakirudisha kwenye sinia.